Proje zetu: kilio juu, ndoto chini

Wiki hii nimesoma tena proje tatu tulizoandika kutafutia feza shirika moja ndogo ya hapa Goma. Mimi mwenyewe niko kati ya walioziandika. Ni haya kuzisoma.

Ukurasa wa kwanza, fasi ya kueleza tatizo, ni kilio tu. Wamama "hawana kitu, hawajui kitu, wanangojea musaada". Shuka sasa mpaka kwenye jedwali ya hatari, pale wanauliza ni nini inaweza kuharibu kazi. Tuliandika: "Hatari ndogo." Mu ile ingine: "Hakuna." Na ilikuwa 2024, Sake inapigana, kilometa 25 hivi tu na muji wetu! Feza yote tulisema itapita ku banki. Mwezi wa kwanza 2025 M23 ikaingia Goma, banki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga. Mfadhili akauliza: mpango wa pili ni gani? Tukanyamaza.

Mu mafunzo wanatuambia tuwaze mazuri, mfadhili anapenda mutu mwenye imani. Sikatai. Lakini imani gani? Gabriele Oettingen na Doris Mayer walitoa utafiti mu 2002 juu ya vijana wa Ujerumani waliomaliza iniversite (ni sisi kabisa!). Wale walioota sana kazi nzuri, miaka miwili nyuma walikuwa wametuma barua chache za kuomba kazi, wamepata nafasi chache, na mushahara mudogo. Lakini wale waliopima hali yao wakaona kweli inawezekana, walifanya vizuri zaidi. Kuota ni kitu kimoja, kutegemea ni kitu kingine. Jedwali yetu ya hatari ilikuwa ndoto.

Na ule ukurasa wa kilio njo ulikuwa na fasi ya matumaini, sisi tukaikosa. Kretzmann na McKnight, mu kitabu chao cha 1993, walisema jambo rahisi: anza na vile watu wanavyo tayari, si na vile wanakosa. Nilikisoma shuleni, nikapata alama, nikasahau.

Aliyenikumbusha ni mama mumoja. Tuliwasomea wamama wa kikundi cha AVEC ile tuliyoandika juu yao. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mwanangu, hao wamama maskini wanaishi kata gani?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Kikundi chao kina miaka sita, wanagawana akiba kila mwaka, na hakuna hata mumoja amekimbia na feza. Wakati banki zilifungwa, kasha lao liliendelea kufunguka. Hakuna mustari hata mumoja wa hiyo mu proje yetu. Tuliona aibu kuandika kwamba watu wako na nguvu, juu tuliogopa mfadhili atasema basi hawahitaji.

Sasa tunaandika ya ine, na wamama wako mu chumba. Ukurasa wa kwanza unaanza na ile miaka sita. Tulipofika kwenye hatari, niliuliza: "Mama, hapa tutie nini?"

"Andika vita. Andika na mimi kukimbia, juu kasha liko na kufuli tatu, na funguo moja iko na mimi."

Nikaandika.