Fundi wa Skrini Tatu

Fundi hakuwasha chochote. Alizunguka nyuma ya meza, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye matundu ya ile kompyuta ndogo bila kuyaangalia, akiyataja chini chini moja baada ya jingine. Kompyuta ilikuwa Mac mini ya 2020, yenye chipu ya M1. Skrini zilikuwa tatu, zote za 4K, zimetolewa kwenye maboksi asubuhi ile ile. Mwenye studio, kijana anayehariri video za harusi na za wasanii pale Sinza, alikuwa ameshashika waya.

"Fundi, si tunachomeka tu?"

"Hii inatoa picha mbili, bosi wangu. Moja Thunderbolt, moja HDMI."

"Mbona Thunderbolt ziko mbili?"

"Tundu lipo. Picha ya pili haipo."

Ndivyo ilivyo, na maelezo ya kompyuta hiyo yanasema hivyo tangu ilipotoka. Ni kwamba hakuna anayeyasoma. Mac mini za M4, zilizotoka 2024, zinabeba skrini tatu bila ubishi, ingawa kitufe cha kuwashia kimefichwa chini ya tumbo, sijui kwa kumkomoa nani. Lakini fundi anafanya kazi na mashine iliyo mezani.

Skrini ya pili ilipowaka, studio nzima ilishangilia. Yeye akashika kipanya na kuanza kuzungusha mshale, duara baada ya duara, uso umekunjamana. Picha ilikuwa safi. Mshale ndio uliokuwa ukirukaruka, unaacha mapengo njiani. "Mara 30," akasema. Ilitakiwa mara 60 kwa sekunde. Hakugusa waya wala kompyuta. Alibonyeza vitufe vilivyo chini ya skrini yenyewe mpaka akakuta HDMI imeachwa kwenye 1.4, toleo la 2009, ambalo haliwezi kuvusha 4K zaidi ya mara hizo 30. Akaipandisha 2.0, akazungusha tena, mshale ukateleza. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna aliyeona tofauti isipokuwa yeye, na mimi niliyeonyeshwa pa kutazama.

Skrini ya tatu aliiunganisha kwa adapta ya DisplayLink, ambayo picha yake hubanwa na programu, ikapita kwenye USB kama data nyingine yoyote, kisha ikafunguliwa upande wa pili. Akamwambia kijana asithubutu kupima rangi za video kwenye hiyo. Iwe ya WhatsApp na orodha ya mafaili, basi.

Mikono ile ya fundi ilisomea kwenye VGA, waya wa skrini wa zamani. Waliokulia kwenye steshenari na intaneti kafe wanaukumbuka ule mdomo wa buluu, wenye pini 15 katika safu tatu, na skrubu mbili pembeni. IBM waliuleta mwaka 1987 pamoja na kompyuta zao za PS/2, na ukadumu mezani kwetu muda mrefu kuliko kompyuta zenyewe. Skrubu zile zilikuwa na adabu yake. Hukukaza moja mpaka mwisho ndipo ukaenda nyingine. Ulizungusha kidogo huku, kidogo kule, kwa ncha za vidole, mpaka mdomo ukae sawa. Pini ikipinda, uliinyoosha taratibu kwa ncha ya kalamu, pumzi umeibana. Tena kila rangi ilikuwa na pini yake. Nyekundu ikikatika, skrini yote iligeuka kijani-buluu, na fundi alijua ugonjwa akiwa bado mlangoni. Waya wa zamani ulilalamika kabla ya kufa, na alikuwepo wa kuusikia.

Waya wa leo haukazwi, unasukumwa. Chukua nyaya mbili za USB-C: moja ni ya kuchajia simu tu, nyingine inapitisha gigabiti 40 kwa sekunde, na mara nyingi hakuna alama yoyote ya kuzitofautisha. Fundi wetu huzivika zake utepe wa karatasi na kuziandika kwa kalamu ya wino mzito: "4K 60", "chaji tu", "usiniguse". Tumeachiwa kazi ambayo kiwandani ingemalizwa kwa tone la wino.

Nasi hatuulizi. Ingia ofisi yoyote mjini utazame meza zenye skrini mbili: moja ina umanjano, jirani yake ina ubuluu, na mwenyewe anaburuta dirisha kutoka huku kwenda kule mwaka mzima bila kushtuka. Amelipia pikseli milioni 8.3 za 4K, ameiacha skrini kwenye 1920 kwa 1080, kwa hiyo kila pikseli nne zinafanya kazi ya moja. Ukimwambia, anajibu kwamba mbona inaonyesha.

Wakati wa malipo, mwenye studio alihoji, kwa upole lakini alihoji, inakuwaje kuchomeka waya kugharimu kiasi kile. Fundi alipunguza bei. Anapunguza kila mara. Kijana aliyekuwa akimbebea begi na kujifunza kwake anauza makava ya simu Kariakoo siku hizi. Anasema biashara ni nzuri. Kava likiingia limeingia, na hakuna mteja anayemwuliza ni toleo gani.