Mwondoe, Kisha Usikilize

Mwaka 1985 Orchestra Safari Sound ilifanya usajili uliowatikisa wapenzi wa dansi Dar es Salaam. Iliwachukua kutoka Mlimani Park, ambayo mashabiki waliiita Sikinde, waimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka, mpiga gitaa Abel Balthazar na wenzao kadhaa, na kundi hilo likaja na mtindo wake, Ndekule. Kwa hesabu ya vijiweni, Sikinde ilikuwa imekwisha. Gurumo alikuwa mtunzi na kiongozi wa jukwaa. Bitchuka alikuwa na ile sauti nyembamba ya juu ambayo watu waliilipia kiingilio. Ukiwatoa hao, unabaki na nini?

Unabaki na Sikinde. Waliingia waimbaji wengine, nyimbo mpya zikatungwa, bendi ikaendelea kurekodi Radio Tanzania na kuvutana na bendi pinzani, Msondo, kama Simba na Yanga. Mtu aliyeijua bendi hiyo angeitambua kwa vipulizi vya mwanzo tu, kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa.

Kila mtu ana orodha yake ya wanamuziki watano bora, na kwa kawaida orodha hizo hujazwa na sauti. Tunampenda anayeimba kwa sababu ndiye anayetutazama. Mimi napendelea kipimo kingine, ambacho wanamuziki wa dansi wametupa bila kukusudia kwa tabia yao ya kuhamahama: mwondoe mtu, kisha usikilize kilichoanguka. Huna haja ya kubuni chochote, kwa sababu historia imeshawaondoa wengi na rekodi za kabla na za baada zipo.

Ili kipimo kieleweke lazima tufungue wimbo wenyewe. Chukua wimbo wowote wa Sikinde wa miaka ya mwanzo ya 1980. Mara nyingi vipulizi vinafungua kwa sentensi fupi inayorudiwa, kisha magitaa yanapokea. Ubeti unaingia polepole, waimbaji wawili au watatu wakibebana. Kila mstari unaacha mwanya mwishoni, na mwanya huo una mwenyewe: mara gitaa la solo, mara tarumbeta na domo la bata, yaani saksafoni, kwa pamoja. Beti zikiisha mwendo unabadilika na wimbo unaingia kwenye chemko. Kiitikio kinarudiwa, tumba zinapanda, na waliokuwa wamekaa na bia zao wanainuka.

Kwenye chemko ndipo ufundi unapoonekana, na ndipo wasikilizaji wengi wanapoacha kusikiliza kwa sababu wanacheza. Sina ubishi na hilo. Lakini siku moja kaa, usicheze. Mpiga solo anapiga kifungu kifupi juu kabisa, kwenye nyuzi nyembamba, anakirudia na kukigeuza kidogo. Mpiga second solo ana kifungu chake katikati ambacho ukikisikia peke yake utadhani mtu anafanya mazoezi. Mpiga ridhim anakatakata kodi. Besi halipigi kila pigo. Linaruka, linaacha shimo, na tumba inaingia humo. Hakuna hata mmoja kati yao anayepiga wimbo. Wimbo unatokea pale vifungu hivyo vinapopishana bila kugongana.

Matokeo yake ni kwamba mtu akihama anaacha kifungu, si wimbo. Mgeni akija anaonyeshwa mahali pake, anafundishwa kinachopigwa hapo, na baada ya maonyesho machache anaanza kukitia ladha yake. Mwimbaji naye ni hivyo hivyo. Anakuta mwanya wa sauti umekatwa tayari, na kila upande wa mwanya huo kuna kitu kinachomshikilia asianguke.

Nani aliyekata mianya hiyo? Wanamuziki wenyewe walimwita Ticha. Michael Enoch alianza kujulikana akiwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz miaka ya 1960, na humo akajifunza kupiga karibu kila ala iliyokuwemo kwenye bendi. Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978 alishika saksafoni na kazi ya kupanga muziki. Mtunzi alileta maneno na njia ya kuimba. Kilichozunguka maneno hayo kiliundwa mazoezini, na vipulizi ndivyo vilivyokuwa saini ya Enoch. Sikiliza jinsi vinavyoingia: haviingii juu ya mwimbaji kumfunika, vinamsubiri amalize, vinasema jambo moja, vinatoka. Mtu aliyewahi kuwa mpiga solo anajua mwimbaji anahitaji nafasi kiasi gani, na mtu anayepuliza anajua pumzi inaishia wapi. Sidhani kama ni bahati kwamba mtu mmoja alikuwa na ujuzi wote huo.

Kwa kipimo changu, basi, jina la kwanza kwenye orodha ni la mtu ambaye mashabiki wengi hawawezi kuukumbuka uso wake.

Haki inataka niseme pia kwamba Enoch hakuwa peke yake katika kuisimamisha bendi ile. Mlimani Park ilikuwa kwanza ya shirika la usafiri na teksi la umma, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndiyo maana ya DDC kwenye jina lake. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri na wanamuziki walilipwa mshahara. Anayehama anaondoka na vidole vyake tu. Gitaa, vikuza sauti na ukumbi vinabaki. Bendi za mtu binafsi hazikuwa na kinga hiyo. Mtu akitaka kunibishia kwamba iliyookoa Sikinde ni ofisi ya shirika, namkubalia nusu. Nusu ya pili inabaki kwenye vipulizi, kwa sababu mashirika mengi yalinunua vyombo na hatukupata Sikinde nyingi.

Sasa igeuze shilingi. Mbaraka Mwinshehe aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960 akawa mpiga solo, mwimbaji na mtunzi kwa pamoja. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani, kwenye maonyesho ya Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka akaiacha na kuunda Super Volcano. Morogoro Jazz haikurudi tena kwenye hadhi yake. Januari 1979 Mbaraka akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, na Super Volcano nayo ikazimika. Bendi mbili, mtu mmoja, na mara zote mbili alipotoka yeye ukabaki ukimya.

Sababu iko kwenye muziki wenyewe. Mbaraka alipoimba mstari, aliyejibu kwenye gitaa alikuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo mwanya kati ya sauti na solo haupo kama ulivyo kwa Sikinde. Gitaa linaanza pale pale sauti inapoishia, wakati mwingine kabla silabi ya mwisho haijatua, kwa kuwa aliyeimba anajua atakachopiga. Hakuna mpangaji anayeweza kumwandikia mtu mwingine jambo hilo. Santuri za siku hizo, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilimsaidia: wimbo ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza hadithi, wa pili magitaa. Ukigeuza santuri ya Mbaraka unageuza kutoka kwa Mbaraka kwenda kwa Mbaraka.

Hapo kipimo kinaanza kuleta ugomvi. Je, ukubwa ni wa yule ambaye bila yeye kila kitu kinaanguka, au wa yule aliyejenga kisichoanguka hata yeye akiondoka? Rafiki zangu wengi wanachagua wa kwanza na hoja yao ina uzito: hakuna aliyewahi kuziba pengo la Mbaraka, na kutozibika ndiyo maana ya ukubwa. Mimi nachagua wa pili. Ukiwa bora peke yako umejifunza kusikiliza ala moja. Kuwapangia watu kumi kunataka usikilize kumi, pamoja na ile ya mtu atakayekuja baada ya miaka mitano ambaye humjui. Mbaraka nampenda zaidi, nakiri, na usiku nikitaka kusikiliza kitu ni yeye ninayemtafuta. Lakini kupenda ni jambo moja na kupima ni jingine.

Nairobi inatupa kisa kingine, kifupi na kikali. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walianzisha Simba Wanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitoa na kuunda Les Wanyika: Rashid Juma kwenye drams, Tom Malanga kwenye besi, Omar Shabani kwenye ridhim. Tazama waliojitoa. Ni watu wa nyuma ya jukwaa, wale ambao picha huwakata. Na wimbo uliowatambulisha, Sina Makosa, ulitungwa na huyo huyo mpiga ridhim. Usikilize tena ukiwa umeziba sikio la sauti. Lile gitaa dogo linalozunguka muda wote, kavu, nyuzi zikizimwa nusu na kiganja, ndilo linalobeba kila kitu; sauti zimekaa juu yake. Watu wanaimba maneno, lakini ukitaka watu ukumbini wapige kelele ndani ya sekunde tatu, huanzi na maneno.

Simba Wanyika yenyewe iliendelea vizuri tu baada ya hapo, kwa kuwa ndugu wawili walibaki na utunzi na solo. Kwa hiyo kisu kilikata mahali ambapo pande zote mbili ziliweza kuishi. Si kila mara inakuwa hivyo.

Franco Luambo wa Kinshasa ni mgumu kupima kuliko wote, na ndiyo maana simweki nje ingawa wengi watasema ni wa hesabu nyingine. Gitaa alilipiga kwa kidole gumba na cha shahada, akivuta nyuzi mbili mbili, vifungu vifupi vyenye ncha. Unamtambua kwa noti nne. Katika hilo ni Mbaraka. Lakini bendi yake, OK Jazz, iliyoanza mwaka 1956, ilifika kuwa na zaidi ya wanamuziki 20, wakiwemo wapiga solo wengine walioweza kushika nafasi yake, kiasi kwamba miaka ya 1980 sehemu ya bendi ingeweza kuwa Ulaya naye na sehemu nyingine ikapiga nyumbani. Katika hilo ni Enoch. Alifariki Oktoba 1989. Bendi ilidumu hadi mwisho wa 1993, ikavunjika kwa kutoelewana na familia yake, si kwa kukosa wa kupiga. Aliyewaongoza wengi kwenda kuunda Bana OK alikuwa Simaro Lutumba. Mpiga ridhim, tena.

Kwa muziki wa kizazi kipya kipimo hiki kinahitaji kurekebishwa kidogo tu. Anayekata mianya leo ni prodyuza. Waulize waliokua na bongo fleva ya mwanzo wa miaka ya 2000 wakutajie wasanii watano, kisha uwaulize ni nyimbo ngapi kati ya walizozitaja zilipita mikononi mwa P-Funk Majani au Master J. Orodha ya watano inageuka kuwa ya wawili.

Linanisumbua jina moja: Gurumo. Kwa kipimo cha kumwondoa, anashindwa vibaya. Alitoka Msondo mwaka 1978, Msondo ikabaki. Alitoka Sikinde mwaka 1985, Sikinde ikabaki. Alirudi Msondo baadaye, akastaafu mwaka 2013, akafariki mwaka uliofuata, na bendi ipo. Lakini fanya kinyume: mwongeze. Kila alikoingia kulizaliwa kitu. Mlimani Park ilianza akiwemo, Ndekule ikatoka akiwemo. Inaelekea kuna wanamuziki ambao ukubwa wao ni wa kuanzisha. Wakishawasha wanaweza kwenda, moto hauwahitaji. Nimemweka wa tatu na ninajua watu wa Msondo hawatanisamehe.

Hasa kwa kuwa wao wana mtu ambaye siwezi kumpima kabisa. Said Mabera aliingia NUTA Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1970 akashika solo, na hakuhama. Chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kikabadili jina, bendi ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Waimbaji wakaenda na kurudi, wengine wakavuka kwenda Sikinde na kurudi zaidi ya mara moja. Gitaa la solo likabaki lile lile. Hatuna rekodi ya Msondo ya miaka hiyo bila yeye ambayo ningeiweka kando ya nyingine nikalinganisha. Wala mashine haisaidii sana: studio ya Radio Tanzania iliirekodi bendi nzima kwa mkupuo, sauti, vipulizi na magitaa vikaingia kwenye utepe vikiwa vimeshachanganyika, kwa hiyo si rahisi kulishusha gitaa lake peke yake kwa usafi na kusikia kinachobaki.