Kufunga Mfupa kwa Kupapasa

Kijana wa bodaboda akigongwa njia panda ya Msamvu mjini Morogoro, jirani na Mwembesongo, mara nyingi kinachovunjika ni muundi. Mbele ya muundi hakuna nyama, kwa hiyo mfupa hutoboa ngozi upesi, na kidonda hujaa mchanga na vipande vya suruali. Daktari aliyetibu majeruhi wa vita angekitambua mara moja.

Somo la kwanza la kidonda cha namna hii limetoka vitani. Hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Lopiding, Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, ilipokea majeruhi wa vita vya Sudan tangu 1987 hadi 2006. Wapasuaji wa shirika hilo hufuata kanuni moja: osha kwa maji mengi, kata nyama yote iliyokufa, kisha acha kidonda wazi. Hukirudia baada ya siku 4 au 5, na kikiwa safi ndipo hukishona. Ni kanuni inayomtesa daktari kijana, maana ndugu wamesimama mlangoni wakitaka kuona mguu umeshonwa. Lakini ukishona siku ya kwanza unaweza kufungia uchafu ndani, na mguu huo huenda ukaishia kukatwa.

Somo la pili ni la kufunga mfupa wenyewe. Chuma kirefu huingizwa katikati ya mfupa na kukazwa kwa skrubu juu na chini. Ugumu uko chini, kwa sababu matundu ya skrubu yamejificha ndani ya mfupa. Hospitali tajiri huyaona kwa mashine ya eksirei inayowaka wakati upasuaji ukiendelea. Lewis Zirkle, mpasuaji Mmarekani aliyehudumu katika vita vya Vietnam, alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999 kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine hiyo. Chuma chake hufungwa kwenye mkono wa kulengea unaobaki nje ya mguu, wenye matundu yanayolingana na yale ya ndani. Mpasuaji hutoboa mfupa, hupenyeza kifaa chembamba na kupapasa nacho hadi kiingie kwenye tundu la chuma. Ni vidole vyake vinavyomwambia amefika.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi ufundi huu unavyofundishwa. Picha za kila upasuaji huingizwa kwenye mfumo wa SIGN, wapasuaji wazoefu huzikagua na kutoa maoni, na hospitali inayoleta taarifa hupata vyuma vingine bila malipo. Mgonjwa akirudi kliniki hupigwa picha akiwa amechuchumaa. Asiyeweza kuchuchumaa bado ana kasoro ya kutafutwa. Kipimo hiki hakina gharama, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imekichunguza kwa wagonjwa waliovunjika paja.

MOI hiyohiyo iligawa wagonjwa zaidi ya 200 wenye muundi uliotoboa ngozi: wengine wakawekewa chuma cha ndani, wengine vyuma vya nje. Baada ya mwaka mmoja, vifo na upasuaji wa kurudiwa havikutofautiana sana, ingawa chuma cha ndani kilinyoosha mguu vizuri zaidi. Kwangu mimi, matokeo hayo yanaturudisha kwenye usafi wa kidonda.

Na usafi hausubiri Dar es Salaam, kilomita zipatazo 190 kutoka Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipolipuka Msamvu na kuua watu zaidi ya 100, waliowapokea majeruhi kwanza walikuwa wahudumu wa hapa hapa mkoani. Basi utaratibu wa SIGN ushuke hadi hospitali za wilaya: afisa tabibu apige picha kidonda mara tu baada ya kukiosha, apige tena siku ya 5, amtumie bingwa zote mbili, naye bingwa amwambie siku ileile ni nyama ipi aliyoiacha ilipaswa kukatwa.