"Jitunze": Lugha ya Ushauri wa Afya Inaposomwa Gashonga

Maandishi ya Kiswahili yanayofundisha kujitunza kwa njia za asili yamekuwa mengi, magazetini, kwenye vipeperushi na katika simu. Mafundisho yake yanafanana: kunywa maji ya kutosha, kula mboga na matunda, tembea, lala mapema, kaa mahali patulivu upumue taratibu. Mengi ya hayo ni kweli. Katika insha hii sihakiki ukweli wake wa kitabibu. Nahakiki lugha yake. Hoja yangu ni kwamba lugha hiyo inamwona mtu mmoja tu, tena mtu mwenye nafasi ya kuchagua, na kwa hiyo ikisomwa kwenye milima ya Gashonga, wilayani Rusizi, inampita yule anayeihitaji zaidi.

Tuanze na sarufi. Vitenzi vinavyotawala maandishi haya ni jitunze, jipende, jikubali, jipe muda. Vyote vina kiambishi cha kujirejea -ji-, ambapo mtenda na mtendwa ni mmoja, na vyote ni amri kwa nafsi ya pili umoja. Ndani ya sentensi hakuna mume, jirani wala mama mkwe. Kiswahili chenyewe kinatuonya tusiiamini -ji- kupita kiasi. Mwanamke hujifungua, na kwa sarufi hiyo ni kazi yake peke yake. Lakini kila mtu anajua kwamba pembeni yake yupo mkunga, na nje wapo wanawake waliokuja kuchemsha maji.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwanamke wa Gashonga anayeteremka bondeni kuchota maji, akapanda na kidumu cha lita 20 kichwani, kisha akalima hadi mchana, humaliza dakika hizo kabla Jumanne haijafika. Msimu wa kahawa ukiingia, huongeza safari za kupeleka mavuno kwenye kituo cha kuoshea. Kumwambia atembee zaidi ni kumpa asichokosa. Anachokosa ni kupumzika, na sentensi "jipe muda wa kupumzika" inamtaka ajipe kitu asichokimiliki. Muda wake umeshagawanywa na watoto, mume, mbuzi na mvua. Ili apate saa moja, lazima mtu mwingine aitoe.

Wazo kwamba udongo na jembe huponya roho si geni katika fasihi yetu. Katika Utubora Mkulima, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake, Utubora anaacha kazi yenye mshahara mzuri, anakwenda kulima, na huko anapata utulivu. Wengi tumezoea kuisoma kama sifa ya kilimo. Nikiisoma nikiwaza Gashonga, naona jambo jingine: Utubora alichagua. Alikuwa na kazi ya kuacha. Jembe lilikuwa dawa kwake kwa sababu alilishika kwa hiari. Mkulima wa kwetu hakuacha ofisi yoyote. Alizaliwa akalikuta jembe linamngoja. Kwake kilimo ni chakula, ada ya shule na mchango wa bima ya afya. Simlaumu Shaaban Robert, aliyekuwa akichora utu wa mtu anayekataa kutawaliwa na fedha. Nawalaumu waandishi wa ushauri wa leo, wanaochukua shamba na kuiacha hiari.

Hata chakula hakikubali kuwa jambo la mtu mmoja. Nchini Rwanda kaya huhimizwa kuwa na akarima k'igikoni, bustani ndogo ya mboga karibu na jiko, na majirani hukusanyika katika igikoni cy'umudugudu, yaani jiko la kijiji, kupika pamoja na kujifunza mlo kamili wa mtoto. Huyu huja na mchicha tunaouita dodo, yule karoti, mwingine maharage au sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Linganisha na agizo la kipeperushi: "hakikisha unakula mlo kamili". Agizo hilo linauliza mfukoni mwako mna nini. Jiko la kijiji linauliza nani ana nini. Mama asiyeweza kuukamilisha mlo huo peke yake huupata katika sufuria ya wote.

Neno "asili" nalo lichunguzwe. Ushauri huu hulitumia kama cheti cha usalama, kana kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru. Rwanda watu wanaujua umuravumba, mmea wa dawa za kienyeji, na katika wilaya yetu hii ya Rusizi watu wamekuwa wakienda Bugarama kuoga katika chemchemi za maji moto, amashyuza, wakitafuta nafuu ya viungo. Sioni sababu ya kuwadharau. Lakini malaria nayo ni ya asili. Mtoto mwenye homa anahitaji kupimwa mapema, na vijijini mwetu wapo washauri wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenzao, wanaoweza kumpima malaria na kumpa dawa. Kuwafikia ni kugonga mlango wa jirani. Hapo pia, afya inapitia kwa mtu mwingine.

Tofauti hii inaonekana wazi zaidi katika afya ya akili. Ushauri wa Kiswahili humwambia mwenye huzuni atafute upweke, afumbe macho, asikilize pumzi zake. Katika nchi iliyopitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, kufumba macho peke yako kunaweza kuwa ndiko kukutana na yale unayoyakimbia. Mwaka 2005, huko Byumba, kaskazini mwa Rwanda, dayosisi ya Kanisa la Anglikana ilianzisha njia nyingine, ambayo watu wameijua kwa jina la Mvura Nkuvure. Kwa Kiswahili tungesema: niponye, nami nikuponye. Watu kati ya 10 na 15 wanaoishi eneo moja hukutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 15, wakiongozwa na watu wa hapo hapo waliopewa mafunzo. Kikundi hupitia hatua sita: usalama, kuaminiana, kujaliana, kuheshimiana, mwelekeo mpya wa maisha, na kumbukumbu. Mwanafunzi wa sarufi ataona mara moja kwamba hatua ya pili, ya tatu na ya nne zikitiwa katika Kiswahili zinadai kauli ya kutendana, -an-. Jina lenyewe ni vitenzi viwili vya watu wawili wanaobadilishana nafasi: anayeponywa katika neno la kwanza ndiye anayeponya katika la pili.

Hata hivyo sitaki kuifanya -an- kuwa takatifu. Yako mambo ambayo hakuna atakayekufanyia: kupunguza chumvi, kuacha pombe, kunawa mikono. Hapo -ji- ina kazi yake, na Kinyarwanda nacho kina neno lake, kwiyitaho. Tena jamii inaweza kumnyamazisha mtu. Anayesema kwamba usiku hapati usingizi hujibiwa ihangane, vumilia, kwa upole wa kweli kabisa, na mazungumzo yakaishia hapo. Na tunaposema tutunzane, mara nyingi anayetunza ni yule yule mwenye kidumu kichwani. Mkono mmoja haulei mwana, wahenga walisema. Lakini tukiihesabu mikono iliyoko jikoni tutakuta karibu yote ni ya wanawake.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi tunaosoma Kiswahili? Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na Rusizi, inayopakana na Bukavu, ilikuwa ikikisikia sokoni na mpakani muda mrefu kabla ya hapo. Vipeperushi vya afya vitaandikwa, na baadhi yetu ndio tutakaoviandika au kuvitafsiri. Tukiinakili "jitunze" kama ilivyotufikia, tutakuwa tumetafsiri maneno na kuwaacha watu. Napendekeza zoezi dogo. Kila tunapoandika amri yenye -ji-, tuulize ni nani mwingine anayepaswa kutenda ili amri hiyo iwezekane, kisha naye tumwandike. Badala ya "Mama, jipe muda wa kupumzika", tuandike: "Baba, leo chota maji wewe, mama alale mapema." Sentensi hiyo haina -ji- wala -an-, lakini ina watu wawili, na kidumu kimehama kichwa.