Sauti na Jalada: Nyimbo za Mwenda wa Bayeke
Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda wa Bayeke (Jean Bosco) huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, akiimba kwa Kiswahili cha Katanga. Santuri za aina hii zinapotolewa upya baada ya kusafishwa sauti, msikilizaji wa Musonoi, Kolwezi, hutarajia gitaa lisilo na mikwaruzo. Matarajio hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Kijitabu cha jalada kikisanifisha maneno, kikaandika “watu” palipoimbwa “bantu”, ushahidi wa lugha ya migodini hufutika. Kikitoa tafsiri ya Kiingereza pekee, wenye lugha hugeuzwa wageni. Mwenda alishafariki, hivyo hawezi kumsahihisha mnukuzi. Maneno na yachapwe kama yalivyoimbwa.