Chui Milia Asiyegeuka Nyuma

Msomaji, huenda umekwisha kukisoma kitabu cha Yann Martel kiitwacho Life of Pi, kilichotoka mwaka 2001. Kama bado, yatosha ujue haya: meli yazama katika Bahari ya Pasifiki, na kijana wa Kihindi, jina lake Pi, asalia katika mashua pamoja na chui milia aitwaye Richard Parker. Baada ya siku 227 mashua yafika pwani ya Mexico. Chui aruka nchi kavu, aenda hadi ukingoni mwa msitu, asimama. Kisha aingia msituni pasipo kugeuka. Pi alia kama mtoto.

Wanafunzi wangu wengi hukimbilia methali: asante ya punda ni mateke. Mimi sikubali. Pi hakumlisha mnyama yule kwa wema mtupu. Alimvulia samaki na kumtafutia maji asije akaliwa yeye, na hofu hiyo yenyewe ndiyo iliyomtia bidii ya kuishi. Ni nani basi aliyemdai mwenziwe shukrani? Tena Pi alikuwa amekwisha kufunzwa. Baba yake, mwenye bustani ya wanyama kule Pondicherry, aliwahi kumtia mbuzi katika kizimba cha chui milia mbele ya wanawe, wajue kwamba mnyama si mtu. Somo alilijua, akalia vivyo hivyo.

Nakusihi ukutazame kule kusimama ukingoni. Kama mwandishi alitaka chui aende zake tu, mbona alimsimamisha? Kwa kitambo kile Pi alikuwa na yakini kwamba atatazamwa, atangurumiwa walau, nasi twangoja pamoja naye. Chui alikuwa akiukazia macho msitu.

Lakini mwishoni Pi awasimulia maofisa wawili wa Kijapani hadithi nyingine isiyo na wanyama, yenye watu na mauaji. Na humo yaelekea chui ndiye Pi mwenyewe. Ukiishika hiyo, aliyeingia msituni ni ule ukatili uliomwokoa, nao hauna desturi ya kuaga. Wako wasemao kwamba hapo fumbo limefumbuliwa. Kwangu limezidi, kwa kuwa machozi yapo pale pale: mtu aulilieje unyama wake mwenyewe? Pi ajuta kwamba hakusema asante. Rudi kwenye ukurasa huo, ujiulize asante hiyo ilikuwa ya nani.