Aliyeondoka Akitembea

Mashabiki wa besiboli wana ubishi mmoja usiozeeka: kati ya Vin Scully na Jack Buck, nani aliutangaza vizuri zaidi mpira wa Kirk Gibson? Nimesikiliza kanda zote mbili mara nyingi, na mimi ni wa Buck. Lakini wacha kwanza nieleze mechi yenyewe, maana wengi wetu huku mchezo huu tumeujua kwa filamu tu.

Ni tarehe 15 Oktoba 1988, Dodger Stadium, Los Angeles, mechi ya kwanza ya fainali. Oakland Athletics wanaongoza 4–3. Ni zamu ya tisa, ya mwisho, na Dodgers wamebakisha mtu mmoja tu wa kutolewa. Anayerusha mpira ni Dennis Eckersley, mrushaji wa akiba. Yaani hakuanza mechi. Ameletwa mwishoni kuifunga, kama mtu anayeitwa dukani jioni kupiga kufuli tu. Msimu ule alikuwa ameokoa mechi 45 kwa namna hiyo. Ni kazi ya ajabu. Ukiifanya sawasawa, watu wanachukua makoti yao wanaenda nyumbani. Ukikosea, ndipo jina lako linakaa vichwani mwao.

Kwanza anampa Mike Davis kituo cha bure. Wako wanaoamini mechi ilipotea hapo, si kwa Gibson. Davis alikuwa na msimu mbovu, sasa mbona umwogope? Kumbe mwaka uliotangulia walikuwa timu moja Oakland, na Davis akapiga mipira 22 nje ya uwanja. Naona Eckersley alimrushia yule Davis wa mwaka jana. Kisha anatoka Gibson, miguu yote miwili imeumia, anachechemea. Davis anaiba kituo cha pili. Wanavutana mpaka unabaki mpira mmoja wa kuamua. Eckersley anarusha slaida, ule mpira unaopinda ukikaribia kufika. Gibson anauchapa kwa nguvu za mikono tu, na unaangukia kwa mashabiki upande wa kulia. 5–4. Mechi imeisha.

Scully alikuwa televisheni ya NBC. Alisema mpira umeenda, akanyamaza. Zaidi ya dakika moja hakutia neno, akauachia uwanja upige kelele. Kimya kile husifiwa kama shairi, na sina shida na sifa hizo. Ila tukumbuke alikuwa na picha. Gibson alikuwa anazunguka vituo akivuta ngumi hewani, na kamera ilimfanyia Scully kazi yake. Redioni, dakika moja ya kimya ni betri imeisha.

Buck alikuwa redio ya CBS, na hakuwa na anasa hiyo. Ilimbidi aseme nani anarusha, mpira umeelekea wapi, matokeo ni ngapi. Anayasema yote mbiombio, halafu anavunjika: haamini alichokiona, anarudia kwamba haamini, kisha anamgeukia mwenzake Bill White kumuuliza kama jambo hili linatokea kweli. Hapo ndipo ananipata. Scully akifungua kinywa tena, anatoa sentensi kuhusu mwaka wa mambo yasiyotarajiwa na lisilowezekana lililotokea. Ni sentensi nzuri, lakini imepigwa pasi. Ya Buck ina makunyanzi. Sisi tuliolelewa na mpira wa Leonard Mambo Mbotela redioni tunajua tofauti: kuna mtangazaji anayekueleza mechi, na kuna anayekushika mkono kwa sababu yeye mwenyewe anahitaji kushikwa.

Halafu kuna zile taa. Tazama picha za usiku ule vizuri: mpira ukiwa hewani, nyuma ya viti unaona taa nyekundu za magari. Ni watu waliokata tamaa wakaondoka mapema. Nawafikiria hao kuliko walioshangilia uwanjani. Mji wao ni ule ule ambao, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mashabiki walikuwa wakibeba redio ndogo hadi uwanjani ili Scully awaambie wanachokiona kwa macho yao. Sasa wamekaa kwenye foleni, na mechi iliyoko nyuma yao inaweza kuwafikia kwa sauti tu.

Lalamiko langu ni kwa watangazaji wote wawili. Katika vile vipande vinavyorudiwa kila mwaka, mpira ukishapigwa, mrushaji hayumo tena kwenye sentensi. Eckersley anayeyuka. Lakini lugha haikumwachia. Alikuwa na msamiati wake mwenyewe, na ndiye anayehesabiwa kuwa mzazi wa neno *walk-off*: pigo linalomaliza mechi papo hapo, mrushaji akabaki hana la kufanya ila kutembea atoke uwanjani. Lilikuwa neno la aibu. Leo watangazaji wanalipayukia kwa shangwe, wakimsifu mpigaji, ambaye hatembei kwenda popote. Anakimbilia kwa wenzake wamrukie.

Baada ya mechi Eckersley alisimama akajibu maswali ya waandishi mpaka wakaishiwa. Miaka mingi baadaye akawa yeye ndiye mchambuzi kwenye televisheni, mechi za Boston Red Sox, na sidhani hilo lilitokea kwa bahati tu.

Na kuna mwingine. Gibson aliingia kupiga badala ya Alejandro Peña, mrushaji wa akiba kutoka Jamhuri ya Dominika, aliyekuwa amerusha zamu mbili za mwisho bila kuruhusu pointi hata moja. Kwenye rekodi rasmi, ushindi wa usiku ule umeandikwa kwa jina la Peña. Muulize shabiki yeyote wa Dodgers ni nani aliyeshinda ile mechi.